Longing: hamu iliyotoka kwenye urefu

Neno la Kiingereza ‘longing’ huwaponyoka wengi kwa sababu linaonekana jepesi. Mfasiri analikuta katika hadithi, katika barua au katika maandishi yanayopita chini ya filamu. Anafungua kamusi, anakuta hamu, shauku, tamaa, uchu na matamanio vimepangwa mstari mmoja kana kwamba vina uzito sawa, anachukua kimojawapo na kusonga mbele. Hapo ndipo mama anayemngoja mwanawe aliyeko baharini anapogeuka, katika Kiswahili, kuwa mama mwenye tamaa. Sentensi haina kosa la sarufi, lakini mtu mzima aliyekuwa na majonzi amevunjiwa heshima.

Sisi tunaofasiri, na tunaowafundisha wasemaji wa Kiswahili Kiingereza, tumeona kwamba neno hili halitulii mpaka mtu ajue lilikotoka. Lilikotoka ni kwenye urefu.

Likate vipande. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kulikuwa na kitenzi ‘langian’. Shina lake ni ‘lang’, yaani -refu, na ndilo lililozaa ‘long’ na ‘length’ za leo. Kitenzi hicho kilifanya kazi mbili. Ya kwanza ni kurefuka, kama mchana unavyorefuka majira ya baridi yakiisha. Ya pili ni kushikwa na hamu. Ukiongeza kiambishi ‘-ung’, kilichotumika kuunda majina (nomino) ya vitendo, unapata ‘langung’. Baadaye ‘-ung’ ikawa ‘-ing’, kama vile ‘leornung’ ilivyokuja kuwa ‘learning’. Kwa hiyo ‘longing’ imekuwa jina tangu zamani hizo. Umbo la kitenzi linaloeleza mtu aliye katika kutenda lilikuwa na mwisho wake mwingine, ‘-ende’, na maumbo haya mawili yalikuja kufanana sura baadaye sana.

Jambo hilo si la wasomi peke yao. Mwanafunzi akikutana na ‘with longing’, ajue ameshika jina: ‘kwa hamu’. Akikutana na ‘longing eyes’, neno hilo sasa linaeleza macho, na Kiswahili kinataka ‘macho ya hamu’ au ‘macho yaliyojaa hamu’. Anayeandika ‘macho yanayotamani’ amekwisha kumbadilisha mtazamaji kuwa mtu wa uchu.

Lakini urefu unaingiaje kwenye hamu? Kwa njia ya kungoja. Mtu anayesubiri kitu kilicho mbali huona siku hazisogei, muda unavutika. Ndugu wa Kiingereza bado wanasema hivyo waziwazi. Katika Kijerumani cha Bern, Uswisi, kumkumbuka mtu aliye mbali huitwa ‘Längizyti’, maneno mawili yaliyoungana: -refu na wakati. Wabavaria, wa kusini mwa Ujerumani, husema wana ‘Zeitlang’, vipande vilevile vikiwa vimepinduliwa. Kijerumani sanifu kimeupeleka urefu huo upande mwingine, ‘Langeweile’, muda mrefu, kwa maana ya kuchoshwa na kukosa la kufanya. Anayengoja kwa moyo na anayengoja bila moyo wote wawili wanaona saa imerefuka; tofauti ni kama kuna mtu au kitu mwishoni mwa huo urefu.

Katika ukoo huohuo limo ‘Lent’, jina la mfungo wa Wakristo kabla ya Pasaka. Lilitoka kwenye ‘lencten’, majira ambayo mchana unarefuka. Sisi tumeupa mfungo huo jina la hesabu ya siku zake 40, Kwaresima, kutoka Kilatini.

Sasa tuangalie sentensi moja kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayofungua mlango wote. Katika maktaba ya kanisa kuu la Exeter, kusini magharibi mwa Uingereza, kumehifadhiwa kitabu cha mashairi kilichonakiliwa kwa mkono katika karne ya 10. Ndani yake limo shairi la mwanamke aliyetenganishwa na mumewe, anayekaa pangoni chini ya mti wa mwaloni. Shairi halina jina la mtunzi. Mwanamke huyo anasema: ‘mec longade’. Maneno mawili tu. ‘Longade’ ni kitenzi chetu katika wakati uliopita. Herufi ‘a’ iliyotangulia ‘n’ mara nyingi iliandikwa ‘o’. ‘Mec’ si ‘mimi’ mtendaji. Ni ‘mimi’ mtendwa, yule ambaye jambo limempata. Mtendaji hayupo kabisa katika sentensi.

Mzungumzaji wa Kiingereza wa leo akiambiwa aipange upya sentensi hiyo hutaabika, kwa kuwa lugha yake imeshaupoteza mpangilio huo. Mswahili hataabiki. ‘Hamu ilinishika.’ Ile ‘mec’ imekaa palepale inapotakiwa, ndani ya kitenzi, katika kiambishi -ni-. Ndivyo tusemavyo kila siku: njaa inaniuma, usingizi umenichukua, kiu imenibana, homa imenipanda, hasira zimemshika. Hisia ndiyo inayokuja, mtu ndiye anayefikiwa.

Lugha ya Iceland haijauacha mtindo huo mpaka leo. Mtu akitaka kahawa husema ‘mig langar í kaffi’, na ‘mig’ ni ‘mimi’ mtendwa, ndugu halisi wa ile ‘mec’. Kijerumani cha vitabuni kina ‘mich verlangt nach’, mpangilio uleule. Kiingereza kilihama. Miisho ya maneno iliyokuwa ikionyesha nani mtendaji na nani mtendwa ilimomonyoka, mpangilio wa maneno ukawa ndio mwamuzi, na jina lililotangulia kitenzi likachukuliwa kuwa ndilo linalotenda. Mwishoni mwa karne ya 14 Chaucer, mshairi wa Kiingereza, anaandika kwamba masika yakifika ‘longen folk to goon on pilgrimages’, watu wana hamu ya kwenda kuhiji. Hapo watu wameshakuwa watendaji. Mpaka leo ni ‘I long’, kana kwamba mtu ameamua kuwa na hamu kama anavyoamua kufua nguo.

Funzo kubwa zaidi katika kazi hii limo humo. Ukifasiri ‘she longed for her sister’ kwa kufuata safu ya Kiingereza, utapata ‘alimtamani dada yake’, na hilo ni balaa nitakalolirudia. Ukiiacha hamu itende, sentensi inapumua: ‘Hamu ya kumwona dada yake ilimjaa’, ‘Alishikwa na hamu ya dada yake’. Kiingereza chenyewe kilipokuwa kichanga kilisema vivyo hivyo, kwa hiyo hapa Kiswahili hakimwendi kinyume mwandishi. Kinamfuata karibu zaidi kuliko yeye mwenyewe anavyojua.

Vitenzi vya kuendea na hamu si vingi, na inafaa kuvijua kwa vidole. Hamu humshika mtu, humjaa, humwingia, humpanda. Mtu ana hamu, huona hamu, huwa na hamu. Ikitoshelezwa, hamu imemwisha, au ameituliza. Kiu ndiyo inayokatwa. Tamaa nayo hukatwa, lakini maana yake ni nyingine kabisa: aliyekata tamaa amepoteza matumaini. Tumewahi kusahihisha kazi za wanafunzi ambamo ‘her longing was satisfied’ iliandikwa ‘tamaa yake ilikatwa’. Msomaji anaelewa kinyume chake, kwamba mwanamke yule ameachwa bila tumaini, na simulizi yote inayofuata inakosa kichwa na miguu.

Kisha kuna ile ‘for’. Kiingereza hakikubali ‘I long you’. Lazima ‘for’ iwepo, au ‘to’ kama kinachofuata ni kitenzi. Wanaojifunza huisahau kila mara, kwa kuwa Kiswahili hakina neno la peke yake linalolingana nalo mahali hapo. Kazi hiyo kwetu hufanywa ndani ya kitenzi, na mnyambuliko wa kutendea: kulilia, kungojea, kukondea, kuonea. Katika Biblia ya Union, Zaburi ya 84, nafsi ya mwimbaji ‘imezionea shauku nyua za BWANA, naam, na kuzikondea’. Angalia vitenzi hivyo viwili. Kuona shauku kumepokea -ea ili kuelekezwa kwenye nyua. Kukonda, kitenzi cha mwili, nacho kimepokea -ea, na mara moja kimekuwa kitenzi cha mapenzi: mtu anakonda kwa ajili ya kitu. Watafsiri hao hawakuhitaji kuongeza ‘kwa ajili ya’. Mnyambuliko umebeba mzigo wote, na umeubeba kwa wepesi.

Kwa majina yetu, kila moja lina mipaka yake.

Hamu ndiyo ya kuanzia. Inakwenda na mtu, mahali, chakula, kazi, habari. Ila kuna unganisho la kuangaliwa. Kwa kitu au tendo, ‘hamu ya’: hamu ya pilau, hamu ya kusafiri. Kwa mtu, wengi wetu husema ‘hamu na’: nina hamu nawe, nina hamu na mama. Neno lenyewe limetoka Kiarabu, ‘hamm’, ambalo huko ni fikra nzito, wasiwasi, jambo linalomkaa mtu moyoni. Mswahili anayefanya kazi Maskati au Dubai anapaswa kulijua hili: Mwarabu akimwambia ana ‘hamm’, hamwambii kwamba anatazamia jambo kwa furaha. Anamwambia ana mzigo.

Na mzigo huo haujatoka wote katika Kiswahili. Watangazaji wa mpira husema mashabiki wanaisubiri mechi ‘kwa hamu na ghamu’. Ghamu ni huzuni, kutoka ‘ghamm’ ya Kiarabu, na kwa Waarabu maneno hayo mawili yakienda pamoja ni masumbuko na majonzi. Kwetu yamekuwa msisitizo wa kusubiri kwa moyo. Watu wa Exeter wa karne ya 10 wangeelewa bila kuelezwa, maana ‘langung’ yao pia ilikuwa na uchovu na huzuni ndani yake. Shairi lile la mwanamke wa pangoni linaishia kwa kusema ole wake yule ambaye hana budi kumngoja mpenzi wake huku akiwa na hamu. Hapo kungoja na hamu vimewekwa katika mstari mmoja.

Shauku ina joto zaidi, na ina heshima. Imetoka ‘shawq’, na jamaa yake ‘mushtaq’, mwenye shauku, Waarabu humwambia ndugu au rafiki waliyepoteana naye siku nyingi. Kwa hiyo haina aibu ndani yake. Shauku hufaa palipo na mwelekeo wa mbele: shauku ya kujua, shauku ya kumwona mjukuu wa kwanza. Kwa kitu kilichokwisha kupotea haikai vizuri. Mjane hana shauku ya mumewe aliyezikwa. Ana majonzi, ana ukiwa, anamkumbuka, anamlilia. Mwandishi wa Kiingereza atatumia ‘longing’ kwa mambo haya yote bila kusita, kwa kuwa neno lake linapima umbali peke yake, halijali kama mwisho wa njia kuna mtu au kaburi. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuuliza: kinachongojwa kinaweza kuja? Kikiweza, hamu na shauku. Kisipoweza, nenda kwenye kukumbuka, kulilia, ukiwa. Au tumia ‘laiti’. Neno hilo moja, likifuatwa na -ngali-, hufanya kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa sentensi nzima: ‘Laiti angalikuwapo’.

Tamaa imeharibika kwa matumizi. Asili yake ni ‘tama’ ya Kiarabu, yaani uroho wa kupata, na Kiswahili hakikulisamehe. Mwenye tamaa ni mtu asiyetosheka. Tunaitumia kwa ‘longing’ pale tu ambapo mwandishi mwenyewe anamlaumu mhusika wake, na hata hapo tunasoma ukurasa mzima kwanza.

Uchu ni wa mdomo na tumbo, hasa nyama. Ukipelekwa kwingine huenda na lawama yake, kama katika uchu wa madaraka. Kiu, kinyume chake, imepanda daraja: kiu ya elimu, kiu ya haki, kiu ya uhuru. Kwa ‘they longed for freedom’ hakuna lililo bora kuliko hilo, maana linabeba uhitaji na heshima kwa pamoja. Ashiki ni ya wapenzi tu. Ngoa nayo ni ya wapenzi, na imechanganyika na wivu. Ukiona mtu ‘analia ngoa’ ujue jambo limefika pabaya.

Nimesema nitarudi kwenye kutamani. Hakuna kosa linalojirudia kama ‘I long for you’ kuandikwa ‘nakutamani’. Kitenzi chenyewe hakina ubaya: natamani kwenda Lamu, natamani ungekuwapo. Kikifuatwa na tendo au kitu, ni safi. Kikishika mtu moja kwa moja, kinakuwa cha mwili. Amri Kumi ndizo zinazosema ‘usimtamani mke wa jirani yako’, na masikio ya Waswahili, Waislamu kwa Wakristo, yameizoea sauti hiyo. Kijana aliyeko Ulaya akimwandikia shangazi yake ‘nakutamani sana shangazi’ kwa kufuata Kiingereza cha kichwani mwake, simu yake haitapokewa kwa siku kadhaa. Kinachosemwa ni ‘nimekukumbuka’, ‘nina hamu ya kukuona’, ‘siku nyingi sijakutia machoni’. Ile ‘siku nyingi’, ambayo husemwa kila watu wakutanapo, ndiyo ‘langian’ yetu: urefu umetajwa, hamu imeachwa ieleweke.

Kwa upande wa pili, ‘nimekukumbuka’ haipaswi kuwa ‘I long for you’ inapopelekwa kwenye Kiingereza. Kiingereza cha leo kimelipandisha neno ‘long’ mpaka kwenye barua za mapenzi, tenzi na sala. Mtu akimwambia mwenzake wa ofisini ‘I have longed for you’, kwa kuwa tu hawajaonana tangu likizo, atatazamwa mara mbili. Pale hutumika ‘I’ve missed you’. ‘Miss’ asili yake ni kukosa shabaha, kama mshale uliopita pembeni. Kutoka kukosa likaja kuwa kuona pengo. Na ‘sina hamu naye’ isifasiriwe kamwe ‘I don’t miss him’. Aliyesema hivyo amemchoka mtu huyo, hataki hata kusikia jina lake.

Kuna matumizi moja ya ‘longing’ yaliyozeeka ambayo humkwaza anayefasiri maandishi ya karne ya 16 na 17. Wakati huo ‘longing’ ilikuwa pia hamu ya mama mjamzito kwa chakula fulani. Shakespeare anaye mhusika mwenye mimba ambaye ‘longing’ yake ni ya plamu zilizopikwa. Ukiandika shauku hapo umeipoteza. Wajawazito wetu hutamani udongo, embe bichi, ndimu, ukwaju, na kitenzi ni hichohicho, kutamani, kwa kuwa kinachofuata ni kitu. Hapa hakuna wa kuona haya.

Maneno jirani yana asili zisizofanana, na kuzijua kunasaidia kuchagua. ‘Yearn’ ni la Kiingereza cha kale pia, ‘giernan’, ndugu wa ‘gern’ ya Kijerumani, kwa moyo mkunjufu. Halina urefu ndani yake, lina utayari. ‘Want’ lililetwa na watu wa Skandinavia, ‘vanta’, na maana yake ilikuwa kupungukiwa. Ndiyo maana maandishi ya zamani yana ‘for want of’, kwa kukosa. ‘Crave’ lilikuwa la kudai haki, mbele ya mwenye mamlaka. ‘Desire’ lilipitia Kifaransa kutoka ‘desiderare’ ya Kilatini, na wengi huliunganisha na nyota, ‘sidus’, ingawa njia ya kufika huko ina ubishi. ‘Pine’, lile la ‘pine for’, ni la adhabu: ‘poena’ ya Kilatini, iliyozaa pia ‘pain’. Mtu ‘anapoteswa’ na hamu mpaka anadhoofu, na hilo ndilo kukondea kwa Zaburi ya 84. Halihusiani hata kidogo na mti wa msonobari, japo herufi ni zilezile, na mashine za kufasiri zimewahi kupanda misonobari katikati ya barua za mapenzi.

‘Nostalgia’ inastahili zaidi ya mstari mmoja, kwa sababu wengi hudhani ni neno la kale la Wagiriki. Silo. Lilitungwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari mjini Basel, Uswisi, katika tasnifu yake. Alichukua ‘nostos’, kurejea nyumbani, na ‘algos’, maumivu, akayaunga ili kuupa jina la kitabibu ugonjwa ambao Waswisi waliuita ‘Heimweh’, maumivu ya kwao. Mmoja wa wagonjwa aliowaeleza alikuwa kijana wa Bern aliyesoma Basel, ambaye alidhoofu vibaya na akapata nafuu alipoanza safari ya kurudishwa nyumbani. Waswisi wengi walikuwa askari wa kukodiwa katika majeshi ya wafalme wa nje, na ugonjwa huo ukaja kuhusishwa nao hasa. Mwaka 1770 Joseph Banks, mtaalamu wa mimea aliyesafiri na Kapteni Cook, baharia wa Uingereza, aliandika katika shajara yake kwamba mabaharia wengi wamezidiwa na hamu ya kwao, ambayo madaktari wamefikia kuihesabu kuwa ugonjwa kwa jina la nostalgia. Ona alivyopanga: hamu ya kwao ilikuwa na jina la kawaida, ‘longing for home’, na jina la Kigiriki lilikuwa la waganga. Hata katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, madaktari wa jeshi la Kaskazini bado waliliandika katika orodha ya maradhi. Kuwa kumbukumbu tamu ya miaka iliyopita ni jambo la baadaye. Kwa hiyo anayefasiri waraka wa 1770 au 1862 asiandike ‘kumbukumbu za zamani’. Aandike maradhi ya kukumbuka kwao. Mtoto wa bweni anayekataa kula wiki ya kwanza tunasema ‘anakumbuka kwao’, na hilo lingemtosha Hofer.

Tahadhari nyingine ni juu ya ‘belong’. Wahubiri na walimu wa hamasa hupenda kulivunja, ‘be’ na ‘longing’, kuonyesha kwamba kuwa wa mahali fulani ni kuwa na hamu napo. Linapendeza kusikia. Lakini ‘belong’ lilipitia njia ya kuambatana na kuhusiana na kitu, ambayo ilikuwa maana nyingine ya shina hilohilo. Hamu haikuwamo. Mhubiri akilisema, fasiri alichosema, maana ndicho alichosema. Usilichukue ukaliweka kwenye somo la asili za maneno.

Hali ngumu kabisa ni pale mwandishi wa Kiingereza anapoyamwaga yote pamoja: ‘longing, yearning, pining’. Kuyatafutia majina matatu hutoa orodha, hamu, shauku na matamanio, na orodha haimgusi mtu. Tunachofanya ni kugawa kazi. Neno la kwanza tunalipa jina na kuliacha litende, la pili tunaligeuza kitenzi chenye -ea au -ia, la tatu tunaliweka mwilini: ‘Hamu ilimjaa, akawa anaililia njia aliyoondokea, akakonda.’ Kisha sentensi isomwe kwa sauti mbele ya mtu asiyejua Kiingereza. Akiuliza ‘alikuwa anataka nini?’, jina limekosewa. Akiuliza ‘mbona hajarudi?’, iache kama ilivyo.